Mama Hakunywa, Alikuwa Akionja

Shangazi Sikitu, shikamoo. Natumaini kazi ya kusoma shida za watu haijakuchosha, maana nataka kukuongezea ya kwetu, na naomba unijibu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo kwa sababu siku hiyo mama yangu anakwenda kusimama mbele ya wazazi wa shule nzima na kusema jambo, na anataka mimi nisimame pembeni yake niseme la pili, na mimi Shangazi sijawahi kusema mbele za watu hata jina langu.

Nina miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne mwaka jana, nakaa Mlabani hapa Ifakara na mama na mdogo wangu Ignas. Ili uelewe nilivyo, shuleni mwalimu akiita majina mimi nilikuwa nanyoosha mkono badala ya kuitika, na kwenye mdahalo nilijitolea kushika saa ili nisiwe msemaji, na hata hapo muda ulipokwisha nilishindwa kugonga kengele, nikamwacha msemaji aendelee mpaka akachoka mwenyewe.

Ignas ana miaka kumi na moja na yuko darasa la tatu. Ni mtoto wa watu wote, anasalimia hata walio ndani ya gari lililofungwa vioo, na hajui kununa. Tatizo lake ni kwamba maneno yakiwa mengi yanamwagika. Ukimwambia nenda dukani ununue chumvi na kiberiti halafu upitie kwa Mama Sada uchukue beseni letu, atarudi bila chumvi, bila kiberiti, na beseni la mtu mwingine likiwa na nguo mbichi ndani. Mimi siku hizi nampa pakiti tupu ya chumvi mkononi, namwambia chumvi, basi, akirudi ndipo nampa ganda la kiberiti, namwambia kiberiti. Ukimwambia urudi saa kumi hajui saa kumi ni nini, lakini ukimwambia ukisikia kengele ya kanisani njoo, anakuja mbio kengele ikiwa bado inalia. Na nikiona kelele za watu zimemzidi namwita jikoni anipepetee mchele, hapo anatulia kabisa na anapepeta vizuri kuliko mimi. Haya ni mambo madogo tu ya nyumbani, nakueleza ujue alivyo.

Shuleni ndiko kuna matatizo. Mwalimu wake, Mwalimu Lukelo, si mtu mbaya, ila darasa lake limejaa sana na anasema kwa mkupuo: nakilini maswali, yafanyeni, fungeni madaftari, leteni mbele. Ignas anashika la mwisho. Anafunga daftari na kulipeleka mbele kabla ya wenzake wote, halina kitu, huku akitabasamu. Mwalimu akaona anadhihakiwa. Amechapwa kwa hilo mara nyingi, na kila akichapwa, kesho yake analeta daftari haraka zaidi, kwa sababu anadhani kosa lake lilikuwa kuchelewa.

Sasa mwezi huu likatokea la kuku. Shule ina kuku wa mradi, na mwalimu wa zamu alimwambia Ignas, fungua banda, wape maji, funga. Ignas akafungua, akawapa maji, akakaa nao kidogo wakiongea, akaondoka zake. Kuku wote wakatoka, na ng'ambo ya uzio Mzee Polycarp, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuwa ameanika mpunga wake wa msimu mzima kwenye maturubai. Kuku walikula kama walioalikwa. Mzee Polycarp alipotoka na fimbo kuwafukuza, Ignas akaja kumsaidia kuwaita warudi, na aliwaita kwa kuwarushia mpunga zaidi. Tangu siku hiyo watoto wanamwita Fungulia Kuku, naye anaitika.

Kamati imesema jambo lake litaletwa kwenye kikao cha wazazi, iamuliwe kama aendelee na shule au asiendelee. Mzee Polycarp alikuja mpaka nyumbani, akamwambia mama, "Mama Ignas, mimi sina chuki na mtoto wako, lakini shule haimfai. Mpeleke Mofu kwa bibi yake akaamie ndege wasile mpunga."

Mama akamjibu, "Mzee wangu, huyu, ndege atawakaribisha."

Mzee mwenyewe alicheka kidogo, lakini alipoondoka mama hakucheka tena, akaniambia, "Nitawaambia ukweli wote. Siku hiyo hiyo ya kikao."

Ukweli wenyewe Shangazi ndio huu. Zamani tulikaa Idete na mama alikuwa mpika pombe, komoni yake ilijulikana, na ndiyo iliyotulisha baba alipofariki Ignas akiwa tumboni. Tulipohamia Mlabani aliacha, sasa anauza vitumbua, na mwonjaji wa vitumbua ni Ignas. Mwaka huu mama alimpeleka Ignas hospitali akidhani haoni ubao, nami nilikuwepo, na daktari, dada mmoja mpole, alimpima macho akakuta ni mazima, akamwuliza maswali mengi, halafu akamgeukia mama.

"Mama, ulipokuwa na mimba ya huyu ulikuwa unakunywa pombe?"

"Mimi? Pombe sijawahi kunywa, daktari. Nilikuwa mpika pombe."

"Kwani mpika pombe haonji?"

Mama akacheka. "Asiyeonja atajuaje kama imeiva? Wewe unapika mchuzi bila kuonja chumvi?"

"Ulikuwa unaonja mara ngapi kwa siku?"

Mama akaanza kuhesabu kwa vidole huku bado anacheka. Asubuhi akifungua pipa, akitia kimea, akichuja, akichuja la pili, mteja wa kwanza akisema chungu inabidi uonje mbele yake ajue ni mwongo, na mteja wa pili naye. Mkono wa kwanza ukaisha akahamia wa pili, na katikati ya mkono wa pili akaacha kucheka. Alikiangalia kidole alichofikia, akakikunja, kisha akaficha mikono yote miwili ndani ya kanga.

Daktari alimweleza polepole kwamba pombe haijui kama imeonjwa au imenywewa, ikimwingia mama inamfikia mtoto, na ubongo wake ambao bado unatengenezwa unaweza kuumia, na hakuna kiasi ambacho mtu anaweza kusema hiki ni salama. Alisema kuwa na uhakika kunataka vipimo zaidi na watu zaidi wa kumwangalia, lakini anachokiona kwa Ignas kinafanana na hicho, na hakuna dawa ya kukiondoa, ila mtoto akieleweka na kusaidiwa anajifunza na anaishi vizuri. Akasema, "Hukujua, mama. Wengi hawajui."

Njia nzima ya kurudi Ignas ndiye aliyeongea, alisalimia watu mpaka nyumbani.

Lakini mama si mtu wa kukaa analia. Alianza kuuliza uliza, akawapata wazazi wengine wenye watoto wa namna hii, na sasa wanakutana kwenye kibaraza cha Mama Sada ambaye ni fundi cherehani. Kati yao yupo mwanamume mmoja, Sylvanus, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa, analea mtoto wa marehemu dada yake, na mgeni yeyote akifika anajitambulisha, "Msinishangae, mimi ndiye mama mwenye ndevu hapa." Wanafundishana, wanasindikizana hospitali na shuleni, na wanazungumza na akina mama wajawazito siku za kliniki.

Siku ya kwanza mama aliposimama kliniki akasema mimi sikunywa, nilikuwa naonja, benchi zima lilicheka. Mmoja akasema, "Kuonja gani mpaka pipa linafika nusu?" Mwingine akasema, "Hata mume wangu huwa anaonja tu. Juzi ameonja akalala mtaroni." Mama akacheka nao, ila mimi namjua, alikuwa anavuta ncha ya kanga yake kama anataka kuing'oa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Jioni yake alikuja dada mmoja mwenye mimba kubwa kununua vitumbua, tukamwambia vimekwisha, lakini hakuondoka, akasimama mlangoni mwa jiko anaangalia chini, halafu akamwuliza mama, "Ulisema kuonja. Kuonja kiasi gani?" Mama akampa kigoda, mimi nikaingia ndani nikawaacha.

Kama hiyo haitoshi, bibi yetu, Bibi Odilia, amesikia huko Mofu, akaja na kapu la samaki wakavu na hasira.

"Kumbe unataka kwenda kunitangaza."

Mama akasema, "Sikutangazi wewe, mama. Najitangaza mimi."

"Nani alikufundisha kupika? Nani alikuambia mpishi asiyeonja ni mwizi? Si mimi? Watu wataunganisha wenyewe. Nami nimepika, nimeonja, nimezaa saba, na hakuna hata mmoja aliyefungulia kuku."

Bibi amesema mama akisimama kwenye kikao yeye anarudi Mofu, na samaki wake anarudi nao.

Shangazi, mimi nipo katikati. Mama anasema yeye ataeleza ya kwake halafu mimi nieleze habari za Ignas kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Nikifikiria tu, mate yananikauka. Halafu namwogopea Ignas, leo ni Fungulia Kuku, kesho wakijua wataanza kumwita mtoto wa komoni, na hilo hataitika akitabasamu. Nimemwomba mama angalau abadilishe neno, aseme nilikunywa, basi, watu wasicheke, au aseme ni ugonjwa tu na asitaje pombe. Amekataa. Anasema, "Nikisema nilikunywa ni uongo, nikinyamaza ni uongo, limebaki hilo moja." Na kuna siku namwangalia mama na sijui nimkasirikie au nimkumbatie, kwa sababu pombe hiyo hiyo ndiyo iliyonisomesha mimi.

Nisimame naye au nimzuie? Nimeacha namba yangu ya simu hapo chini ila nakuomba sana usitaje jina langu.

Ni mimi,
Mwenye Sauti Ndogo, Mlabani.


SHANGAZI SIKITU ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Jina lako sikulitaja na majina mengine yote nimeyabadilisha, isipokuwa kuku siwezi kuwaficha, hao wameshajulikana mpaka ng'ambo ya mto. Nilikupigia kuomba ruhusa ya kuchapisha barua yako, nawe ukanijibu kwa sauti ambayo nilidhani ni mtandao. Ukaenda kumwuliza mama, akasema ichapishwe. Ukamwuliza na Ignas, naye akataka simu mwenyewe, akanisalimia, akaniuliza nimekula nini, kisha akasema, "Andika kwamba maji niliwapa." Nimeandika.

Sasa nikugombeze kidogo. Unaniambia huwezi kusema mbele za watu, na hapo hapo umeniandikia kurasa ambazo ilibidi nipumzike katikati nimeze mate kwa niaba yako. Tena ndani yake umeweka hotuba yako nzima na hukuiona. Rudi uisome. Pakiti tupu ya chumvi mkononi, jambo moja, basi. Kengele ya kanisa badala ya saa. Ungo wa mchele kelele zikimzidi. Na lile la daftari, binti, lile la daftari ndilo lililoniondoa kwenye kiti. Mtoto anachapwa kwa daftari tupu, yeye anadhani amechelewa, kesho analeta mapema zaidi. Nani mwingine duniani anajua hilo isipokuwa wewe? Daktari hajui. Mwalimu Lukelo hajui, na simlaumu, hajaambiwa. Wewe unajua, na umelikalia ukiliita mambo madogo ya nyumbani.

Kwa hiyo utasimama. Ila utabeba mzigo wako tu. Habari za pipa na komoni si zako kuzieleza, hizo ni za mama yako, mwachie. Wewe utaeleza namna ya kuishi na Ignas. Na kabla ya Jumamosi ujizoeze mbele ya Ignas mwenyewe. Akikusikiliza mpaka mwisho, hotuba ni nzuri. Akiondoka katikati, imekuwa ndefu, kata. Siku yenyewe ukiogopa shika ncha ya pili ya ile kanga ya mama, ya kwanza ataishika yeye.

Msimshtukize mwalimu kikaoni. Mtu akishtukizwa mbele za watu anajitetea tu, hasikii. Nendeni wewe na mama mkamwone mapema wiki hii, mkae naye, mumweleze la daftari. Nina hakika hiyo siku hatalala vizuri, na mwalimu asiyelala vizuri kwa ajili ya mtoto ni mwalimu mnayemtaka. Kwa Mzee Polycarp nendeni pia, na vitumbua, na Ignas awepo aombe radhi, kisha abaki ampepetee mpunga uliosalia, maana umeniambia kwa kupepeta anakushinda. Mtu uliyemwomba radhi kwake barazani hawezi kukupigia kelele nyingi ukumbini.

Na mkienda kikaoni msiende kuomba huruma. Huruma ya kikao inaisha watu wakisimama kufuta vumbi. Ombeni vitu vinavyofanyika kesho asubuhi: akae mbele, apewe agizo moja na akilimaliza apewe la pili, asichapwe kwa kusahau, na abaki shuleni kama mtoto mwingine yeyote, maana kusoma ni haki yake. Mama yako asisimame peke yake. Kibaraza chote cha Mama Sada kije kikae benchi la mbele, na yule mama mwenye ndevu akae mahali anapoonekana.

Sasa lile neno. Hapo umenishangaza, msichana mwenye akili kama wewe. Unataka mama yako aseme nilikunywa ili watu wasicheke. Nikuulize, kwenye kikao hicho kutakuwa na wapika pombe wangapi? Mama yako akisema nilikunywa, kila mmoja wao atajisemea moyoni, masikini, alikuwa mlevi, mimi sinywi, na atarudi kwenye pipa lake. Akisema nilikuwa naonja, watacheka, naam, halafu mmoja ataacha kucheka na kuangalia vidole vyake. Umeshawahi kumwona mtu huyo. Alisimama mlangoni mwa jiko lenu. Yule dada hakuja kununua vitumbua, mwanangu. Benchi zima lilicheka na neno hilo likampata yeye. Mwacheni mama aseme neno lake.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa mjamzito, na wewe unayefikiria kubeba mimba, umesikia: kunywa, kuonja, kulamba kata ya kuchotea, stauti, ile bia nyeusi ya kuongeza damu uliyoelekezwa na shoga yako, yote yanafika kwa mtoto. Acha leo, hata kama ulionja jana, kuacha leo kunamsaidia. Kama umezoea kila siku na mwili unakataa, usione haya na usiache ghafla peke yako, nenda kliniki uwaambie wakusaidie. Na wewe mume unayemletea mkeo chupa ukisema ni ya afya, mnunulie dagaa na mchicha.

Bibi Odilia naye nampa shikamoo yake, na baada ya shikamoo namwuliza: mto ukifurika bondeni, je, unachukua mashamba yote? Wengine wanaamka mpunga wao umesimama, wengine wanakuta matope. Aliyebakiwa na shamba hamwambii mwenzake, mbona langu halikuchukuliwa. Anashukuru, anachukua jembe, anakwenda kusaidia. Watoto wako saba ni salama, bibi, tunashukuru. Na hakuna anayekutangaza. Nawe ulifundishwa na mama yako, na mama yako na wake, na wote mlionja kwa sababu mlikuwa wapishi hodari, hakuna aliyewaambia. Binti yako ameambiwa, ndiyo tofauti yenu tu. Nawe mwanangu, usigombane naye. Mwambie aje kikaoni akae karibu na Ignas amshike mkono, kazi hiyo hakuna anayeiweza kama bibi. Na wale samaki wapikeni mapema, kabla hajabadilisha mawazo.

Umeniuliza umkasirikie mama au umkumbatie. Nani alikuambia uchague? Mkasirikie ukiwa unaosha vyombo, mkumbatie ukimaliza. Mjane mwenye mimba alishika kazi aliyoijua ili wewe ule na usome, na kazi hiyo ikamgeuka bila yeye kujua. Alipojua, angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwona akihesabu vidole isipokuwa wewe na daktari. Badala yake anakwenda kusimama mbele ya shule nzima ili mtoto wa mwanamke mwingine aweze kukumbuka chumvi na kiberiti. Mama wa namna hiyo hazuiwi. Anasindikizwa.

Nimebakiwa na Ignas. Majina ya kuchokoza watoto wanayaokota popote, hata tukinyamaza wataokota. Kinachomlinda mtoto ni watu kumfahamu. Lakini ni habari zake, kwa hiyo mwulizeni yeye kama anataka zisemwe, mwulizeni kwa maneno machache, na akisema kuna kitu hataki kisemwe, kisisemwe. Akikubali, aje kikaoni.

Na mkishakaa wote, Mzee Polycarp akigonga meza na kelele za nje zikiwa bado zinaingia, usianze na hotuba. Mgeukie mdogo wako, umwambie jambo moja, basi: "Ignas, funga mlango." Kisha nyamaza, uwaache wazazi wote waangalie anavyoufunga.